Ofisi ya 901 na Wanaoikumbuka

Kuanzia mwaka 1943 hadi 1988, ofisi ya wabunifu Charles na Ray Eames ilikuwa katika gereji ya zamani, jengo namba 901 la Washington Boulevard, eneo la Venice jijini Los Angeles. Kwa nje jengo hilo halikuwa na la kumsimamisha mpita njia. Ndani yake useremala, uchomeleaji, upigaji picha, uchoraji, uhariri wa filamu na utengenezaji wa modeli vilifanyika chini ya paa moja, na mtu aliyetoka mezani pake kwenda kuchukua karatasi alipita katikati ya kazi tatu au nne za wenzake. Humo vilibuniwa viti ambavyo vinazalishwa hadi leo, filamu fupi zaidi ya 100, na maonyesho ya sayansi yaliyotazamwa na vizazi vya watoto wa shule. Waliofanya kazi humo wameizungumzia kwa miongo mingi, vitabuni, katika mahojiano na katika filamu, na wengi wao huizungumzia kwa mapenzi ambayo ni nadra mtu kuwa nayo kwa ofisi.

Mapenzi hayo yana sababu zinazoweza kuelezwa. Ofisi isiyo na kuta za ndani ni jambo la kawaida siku hizi, na wengi wanaokaa katika ofisi za namna hiyo huzilalamikia kelele na kukosa faragha. Kwa hiyo kutokuwepo kwa kuta peke yake hakuelezi kitu. Kilichoitofautisha 901 ni kwamba kazi yenyewe ilikuwa wazi. Kitu ambacho hakijakamilika kilikaa mahali ambapo kila mtu aliweza kukiona, kukishika na kukikosoa, na wenye ofisi walikuwa humo humo, mikono yao ina gundi kama ya wengine.

Charles Eames alizaliwa St. Louis, Missouri, mwaka 1907, akaanza kusomea usanifu majengo lakini hakumaliza chuo. Ray Kaiser alizaliwa Sacramento, California, mwaka 1912, akajifunza uchoraji huko New York kwa mchoraji Hans Hofmann. Walikutana Cranbrook Academy of Art, Michigan, mwaka 1940, wakati Charles na rafiki yake Eero Saarinen wakiandaa viti vya kupeleka kwenye mashindano ya Museum of Modern Art. Ray alisaidia kuandaa michoro. Viti vilishinda, lakini ushindi huo ulikuwa wa karatasini zaidi kuliko wa kiwandani: umbo lake lilitaka ubao upindwe pande mbili kwa wakati mmoja, na hakuna aliyejua namna ya kufanya hivyo kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeimudu.

Charles na Ray walioana Juni 1941 wakahamia Los Angeles. Katika chumba cha ziada cha nyumba waliyopanga walijiundia mashine ya kukandamizia plaiwudi, wakaiita Kazam!. Ilikuwa na kalibu ya plasta, nyaya za umeme za kupasha joto, na mfuko wa mpira uliojazwa upepo kwa pampu ya baiskeli ili uzisukume tabaka za ubao na gundi zishikane na kalibu. Mchana Charles alifanya kazi katika idara ya sanaa ya studio za MGM, na jioni wote wawili walirudi kwenye mashine yao. Namna ya kufanya kazi ambayo baadaye ingekuwa desturi ya watu wengi ilianzia hapo, kwa mume na mke waliokuwa wakijaribu, wakiharibu na kujaribu tena jambo ambalo halikuwa na kitabu cha kulifundisha.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyogeuza jaribio hilo kuwa ofisi. Mabanzi ya chuma ambayo jeshi la majini la Marekani lilitumia kufungia miguu iliyovunjika yalitetemeka machela ilipobebwa, na mtetemo huo ulizidisha jeraha. Charles na Ray walitengeneza banzi la plaiwudi kwa kutumia mguu wa Charles mwenyewe kuwa kipimo. Ukiliangalia kwa karibu, banzi hilo ni somo zima la ubunifu. Matundu marefu yaliyokatwa kwenye ubao kabla haujakandamizwa yaliupa nafasi ya kujipinda kuzunguka kisigino na paja bila kupasuka, na matundu hayo hayo yakawa njia ya kupitishia bandeji. Hakuna pambo lolote ndani yake, lakini kila mkunjo una kazi na ukitazamwa unapendeza. Mwaka 1942 jeshi liliagiza mabanzi 5,000, na hadi vita vinakwisha yalikuwa yametengenezwa takriban 150,000. Kiasi hicho kilihitaji watu, mashine na nafasi. Mwaka 1943 kazi ikahamia 901.

Kundi la miaka ya mwanzo lilikuwa mchanganyiko ambao mwajiri wa kawaida asingeuthubutu. Harry Bertoia alikuwa mchonga sanamu na fundi wa metali. Gregory Ain alikuwa msanifu majengo, na Herbert Matter alikuwa mpiga picha na mbunifu wa michoro kutoka Uswisi. Ray alikuwa mchoraji. Hakuna hata mmoja aliyesomea utengenezaji wa samani, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeweza kuwafungia wenzake mlango kwa kudai kwamba yeye ndiye mjuzi. Swali la siku lilikuwa la wote: ubao huu utakubali kupindika vipi?

Kiti cha plaiwudi kilichoanza kuuzwa mwaka 1946 kilitokana na swali hilo, na historia yake inaonyesha vizuri namna chumba kilivyofanya kazi. Lengo la kwanza lilikuwa kukalio na mgongo viwe kipande kimoja cha ubao. Sampuli kwa sampuli, ubao ulipasuka pale kukalio kunapokutana na mgongo, mahali ambapo mkunjo ni mkali na uzito wa mtu ni mkubwa. Kundi lingeweza kuzificha nyufa kwa kitambaa, kama ilivyokuwa imefanyika kwa viti vya mashindano ya 1940. Badala yake waliamua kuukubali ukweli wa ubao, wakakigawa kiti katika vipande viwili vilivyounganishwa na uti mmoja. Kisha likaja suala la kiungo. Skrubu iliyopita kwenye ubao ingeonekana juu na kumsumbua mkaaji, na kiungo kigumu kingevunjika kwa kutikiswa. Jawabu lilikuwa visahani vya mpira vilivyogandishwa chini ya ubao, skrubu zikaingia kwenye mpira. Mpira ulikubali kunyumbuka kidogo kila mtu alipoegemea, na kwa hiyo kiti kilichotengenezwa kwa vitu vigumu kikawa kinamfuata mwili wake.

Miguu nayo ilijaribiwa mitatu, kwa kuwa vitu vya miguu mitatu havibembei kwenye sakafu isiyo sawa. Waliokaa juu ya sampuli hizo na kuinama upande waliona haraka kwamba kiti kinapinduka. Majaribio kama hayo yalifanyika hadharani, mbele ya waliokuwa na shughuli nyingine kabisa, na hapo ndipo penye thamani ya chumba cha pamoja. Sampuli iliyoanguka mbele ya watu kumi hufundisha watu kumi kwa mara moja. Hakuna haja ya kuandika ripoti ya kueleza kwa nini ilianguka, na aliyeitengeneza hana mahali pa kwenda kuificha. Kwa mtu mwenye kiburi hiyo ni adhabu, lakini kwa kijana anayejifunza kazi ni bahati, maana anaona kwamba hata wakuu wake hukosea mara nyingi kabla ya kupatia.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 kampuni ya Herman Miller ya Zeeland, Michigan, iliyokuwa ikiuza viti hivyo, ilichukua pia uzalishaji wake, na 901 ikabaki kuwa mahali pa kubuni na kujaribu. Kazi ya kutafuta kiti cha kipande kimoja haikuachwa. Mwaka 1948 ofisi ilipeleka kiti cha bati lililopigwa chapa kwenye mashindano ya samani za bei nafuu ya Museum of Modern Art, kikapata nafasi ya pili kwa kugawana. Bati likawa ghali mno, na kundi likageukia faibaglasi, malighafi ambayo wakati wa vita ilitumika kufunikia vifaa vya rada kwenye ndege. Kufikia 1950 kiti cha faibaglasi kilikuwa sokoni: kukalio, mgongo na mikono ni ganda moja, na miguu yaweza kubadilishwa kulingana na mahali. Ndoto ya miaka 10 ilitimia kwa malighafi ambayo hakuna aliyeifikiria mwanzoni.

Kuanzia miaka ya 1950 ofisi ilipanuka kuelekea mambo ambayo hayakuwa na uhusiano wa dhahiri na viti. Mwaka 1952 ilitoa mchezo wa kadi za kujengea. Kila kadi ina mipasuko sita ya kuichomekea nyingine, na upande mmoja una picha ya kitu kidogo kilichopigwa kwa karibu sana: vifungo vya nguo, rangi za chaki, uzi, vidonge, wanasesere. Picha hizo zilipigwa kwa vitu vilivyokuwa vimekusanywa ofisini na nyumbani kwa Charles na Ray, na mkusanyiko wenyewe ulikuwa sehemu ya mazingira ya kazi. Ray hakutupa kitu chenye rangi au umbo zuri. Rafu na meza za 901 zilijaa vinyago, pia za kuchezea, makombe, karatasi za kufungia zawadi, vipande vya vitambaa, treni za bati. Mgeni aliweza kudhani ni fujo. Kwa wafanyakazi ilikuwa maktaba ya vitu, ambamo mtu aliyekwama katika kuchagua rangi ya bango alinyanyuka akaenda kutafuta jibu kwenye rafu.

Treni hizo za bati zilitumika katika filamu ya Toccata for Toy Trains ya mwaka 1957, iliyotiwa muziki na Elmer Bernstein. Kamera iliteremshwa hadi usawa wa reli, na vibanda na vituo vidogo vikapangwa nyuma yake hadi treni za watoto zikaonekana zina uzito wa treni kamili. Filamu ya namna hiyo haiwezi kutengenezwa na mtu wa kamera peke yake. Inamhitaji seremala wa kutengeneza mandhari, mchoraji wa kupaka rangi, na mtu wa kuinua taa kwa kiasi cha kidole kimoja na kuishusha tena. Katika 901 hao wote walikuwa hatua chache tu mmoja na mwenzake, na mtu aliyeajiriwa kuchonga modeli za samani alijikuta wiki hiyo akisukuma treni. Waliopitia ofisi hiyo hulitaja sana jambo hili: cheo cha mtu hakikumfungia kazi yake. Aliyeonyesha kwamba anaweza, alipewa.

Kazi ziliongezeka ukubwa. Mwaka 1959, kwa ajili ya maonyesho ya taifa la Marekani jijini Moscow, ofisi ilitengeneza Glimpses of the USA, picha zaidi ya 2,200 zilizoonyeshwa kwa muda usiofika robo saa kwenye skrini saba kubwa zilizotundikwa ndani ya kuba lililobuniwa na Buckminster Fuller. Picha zilipaswa kuchaguliwa, kupangwa saba saba ili zisomeke kwa pamoja, na kuoanishwa na muziki, na kazi iliendelea hadi karibu kabisa na siku ya ufunguzi. Kupanga picha elfu mbili na zaidi ni kazi ya macho mengi: mmoja aliona kwamba skrini ya tatu inapiga kelele kuliko jirani zake, mwingine akakumbuka picha iliyoko kwenye sanduku fulani inayoweza kutuliza.

Mwaka 1961 kampuni ya IBM iligharamia maonyesho ya hisabati, Mathematica, yaliyofunguliwa Los Angeles. Mshauri wa hesabu alikuwa Raymond Redheffer, profesa wa UCLA, na wabunifu walilazimika kwanza kuelewa wenyewe kile walichotaka kumwonyesha mtoto. Ndiyo maana maonyesho hayo yamedumu. Mashine moja humwaga maelfu ya vitufe juu ya safu za vigingi. Kila kitufe huruka kushoto au kulia bila mpangilio unaotabirika, lakini vyote pamoja hulundikana chini kwa umbo la kengele, tena na tena. Nyingine ni mchemraba wa taa ambao humwonyesha anayebonyeza tarakimu mbili jinsi kuzidisha kunavyojenga eneo, na tarakimu ikizidishwa kwa nafsi yake mara tatu, jinsi kunavyojenga ujazo. Vyombo hivyo viliundwa na watu wa 901, waliokuwa wameshazoea kufunga skrubu kwenye mpira na kutafuta kwa nini kitu kinakwama. Ustadi wa karakana ya viti ulihamia kwenye elimu bila kubadili jengo.

Pengine hakuna kazi iliyokumbukwa kwa furaha kama ile ya hifadhi ya samaki ya taifa, iliyopangwa kujengwa Washington katika miaka ya 1960. Ili kubuni nyumba ya viumbe vya baharini, ofisi iliona ni lazima ikae nao. Matangi ya maji ya bahari yaliwekwa ndani ya 901, na pweza na viumbe wengine wakawa majirani wa meza za michoro, wakilishwa, wakipigwa picha na kutengenezewa filamu. Mradi wenyewe haukujengwa kamwe. Hata hivyo waliokuwepo wanazungumzia matangi hayo kana kwamba mradi ulifanikiwa, kwa sababu kwa upande wao ulifanikiwa: walijifunza namna ya kumwangalia kiumbe kwa muda mrefu bila kuharakisha kumchora.

Ni nani aliyeongoza haya yote, na kwa namna gani? Kwa jina na kwa kauli ya mwisho aliongoza Charles. Alipita mezani, akatazama, akauliza, mara nyingi akaomba jambo lifanywe upya. Ray aliongoza kwa jicho. Aliona tofauti kati ya nyekundu mbili ambazo wengine waliziona moja, na alikuwa hodari wa kusema mahali hasa ambapo kitu kinakosea. Wafanyakazi wengi wa zamani wanasema kazi haikuhesabiwa kuwa imekwisha hadi wote wawili wameridhika, na kwamba kuridhika huko ndiko kulikoamua mwisho kuliko ratiba. Mafunzo rasmi hayakuwepo. Kijana aliyeingia alipewa kazi, akaifanya mbele ya watu waliomzidi, akarekebishwa hapo hapo. Ndivyo mafundi walivyofundishwa tangu zamani kabla ya vyuo, na ni jambo la kusikitisha kwamba ofisi nyingi za sasa zimeipoteza njia hiyo huku zikitumia fedha nyingi kwa semina.

Matokeo yake yanaonekana kwa waliotoka humo. Don Albinson, aliyeanza mwaka 1946 na kukaa zaidi ya miaka 10, alikuwa mkono wa kiufundi wa viti vingi, kikiwemo kile cha ngozi na plaiwudi cha mwaka 1956 kinachojulikana dunia nzima. Deborah Sussman aliingia mwaka 1953 akiwa kijana wa michoro. Miongo mitatu baadaye alikuwa miongoni mwa walioipa Olimpiki ya Los Angeles ya 1984 rangi na sura yake. Jeannine Oppewall alifanya kazi 901 katika miaka ya 1970 kisha akawa msanifu wa mandhari za filamu Hollywood, ikiwemo L.A. Confidential ya mwaka 1997. Alex Funke alipiga Powers of Ten ya mwaka 1977, filamu inayoanza na watu wawili waliolala kwenye nyasi huko Chicago, ikajitenga nao mara 10 kila baada ya sekunde 10 hadi kingo za ulimwengu unaojulikana, kisha ikarudi na kuzama ndani ya mkono wa mmoja wao hadi kiini cha atomu. Baadaye Funke alipata tuzo za Oscar kwa athari za picha katika filamu za The Lord of the Rings. Watu wenye kazi zinazotofautiana kiasi hicho, wakitaja mahali pamoja walipojifunza kutazama, wanastahili kusikilizwa.

Haki inadai gharama nayo itajwe. Saa za kazi zilikuwa ndefu. Usiku na Jumapili havikuheshimiwa kazi ilipokaribia mwisho, na wenye familia ndogo walilipa zaidi. Charles alikuwa mtu wa kuvutia mno, na kutaka kumridhisha kulimfanya mtu atoe zaidi ya alichoajiriwa kutoa. Gharama kubwa zaidi ilihusu majina. Mwaka 1946 Museum of Modern Art ilionyesha viti vya plaiwudi kwa kumtaja Charles Eames peke yake. Ray hakutajwa, wala Bertoia, Matter na wenzao waliokuwa wamehangaika na ubao huo kwa miaka mitatu. Bertoia aliondoka mwaka huo huo, na hatimaye akatengeneza viti vyake vya waya kwa kampuni ya Knoll, vilivyotoka mwaka 1952. Wengine wa kundi la mwanzo nao waliondoka. Kwa miongo iliyofuata kila kilichotoka 901 kilibeba jina la wenye ofisi, hata pale ambapo waliohusika walijua ni mkono wa nani uliolimaliza tatizo.

Mantiki ya desturi hiyo inaeleweka: mwelekeo, ladha na hatari ya fedha vilikuwa vya wenye ofisi, na katika chumba ambamo wazo hupita kwa watu sita kabla ya kuwa kitu, ni vigumu kusema lilianza kwa nani. Lakini ugumu wa kugawa sifa si sababu ya kutoigawa. Kazi iliyokuwa wazi kwa kila jicho ndani ya jengo ilifungwa kwa jina moja ilipofika mlangoni, na hilo ndilo doa kubwa la 901. Mwaka 2010 Marilyn Neuhart, akishirikiana na mumewe John, wote waliokuwa na uhusiano wa miaka mingi na ofisi hiyo, alichapisha The Story of Eames Furniture, kitabu cha juzuu mbili kinachofuatilia kila kiti na kuwataja walioshiriki kukitengeneza. Hicho ni kitabu cha watu walioipenda ofisi, na ukali wake kuhusu majina unatokana na mapenzi hayo.

Wakati 901 ikiendelea, wazo la ofisi ya wazi lilikuwa likisambaa duniani kwa njia nyingine. Lilikuwa na historia tayari: msanifu majengo Frank Lloyd Wright alikwisha kujenga kumbi kubwa za makarani huko Buffalo mwaka 1906 na Racine mwaka 1939. Mwishoni mwa miaka ya 1950, ndugu Eberhard na Wolfgang Schnelle wa Quickborn, karibu na Hamburg, walianza kupanga meza kufuata mkondo wa karatasi na mazungumzo badala ya safu, wakitenganisha watu kwa mimea na viambaza vifupi. Mwaka 1964 Herman Miller, kampuni ile ile iliyouza viti vya Eames, ilitoa samani za ofisi zilizofikiriwa na Robert Propst na kuchorwa na George Nelson, kwa nia ya kumpa mfanyakazi uhuru wa kusimama, kukaa na kuhama. Toleo la pili, la 1968, lilikuwa na viambaza vya kuunganisha. Wanunuzi waligundua kwamba viambaza hivyo vikipangwa kwa pembe mraba vinaingiza watu wengi katika eneo dogo. Vijumba vilivyojaza maofisi ya Marekani vikazaliwa hapo, na Propst mwenyewe alivichukia hadi mwisho.

Baadaye viambaza viliondolewa kwa jina la ushirikiano. Mwaka 2018 Ethan Bernstein na Stephen Turban walichapisha utafiti juu ya makampuni mawili makubwa yaliyohamia kwenye sakafu za wazi, wakiwa wamewapima wafanyakazi kwa vifaa walivyovaa kabla na baada ya kuhama. Mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, na barua pepe na ujumbe zikaongezeka. Watu wanaotazamwa muda wote hujifunika: huvaa vipokea sauti, hukodolea skrini, huandika badala ya kusema.

Ukiweka matokeo hayo kando ya kumbukumbu za 901, tofauti haiko mbali. Katika sakafu ya wazi ya leo wanaoonekana ni watu, ilhali kazi yao imo ndani ya kompyuta ambamo jirani haioni. Katika 901 kilichoonekana ni kazi: kiti kilichopinduka, kadi zilizotandazwa, tangi la pweza. Mazungumzo yalikuwa na kitu cha kuanzia, na aliyesogea kutazama hakuonekana anapeleleza. Kelele nazo zilikuwa na maana, kwa sababu mlio wa msumeno uliwaambia wote kwamba sampuli mpya inakuja. Pia hakukuwa na wakubwa waliojitengea vyumba vya vioo huku wakiwahubiria wengine uwazi.

Njia hiyo haikuhitaji jengo la Venice. Mwaka 1958 Charles na Ray waliandika ripoti kwa serikali ya India kuhusu elimu ya ubunifu, wakiisifu lota, chombo cha maji cha kila siku, kuwa kazi ya vizazi vya mikono isiyo na jina. Taasisi ya taifa ya ubunifu iliyoanzishwa Ahmedabad mwaka 1961 ilitokana na mapendekezo hayo. Sussman, Robert Staples na Glen Fleck wa 901 walikwenda huko kutayarisha, pamoja na walimu na wanafunzi wa taasisi, maonyesho ya maisha ya Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India, yaliyofunguliwa mwaka 1965. Walikuta mafundi wasio na mashine za California lakini wenye ustadi wa mikono uliozidi, na chumba cha kazi kilipangwa upya kulingana na waliokuwemo.

Charles alifariki tarehe 21 Agosti 1978. Ray aliendelea na ofisi, akiyapanga mamia ya maelfu ya picha na hati, hadi alipofariki tarehe hiyo hiyo ya Agosti mwaka 1988. Ofisi ilifungwa baada ya miaka 45. Kabla haijavunjwa, mjukuu wa Charles, Eames Demetrios, aliipiga filamu rafu kwa rafu na karakana kwa karakana. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1990. Picha na hati zilikwenda Library of Congress, Washington, na sampuli nyingi za samani zikachukuliwa na Vitra Design Museum nchini Ujerumani, ambako wanafunzi wa ubunifu huweza kuona ubao ulipopasuka, ulipokatwa upya, na mahali kisahani cha kwanza cha mpira kilipogandishwa.